Maradhi ya Mjini: Kosa ni la Nani?

Kila mwaka masika yanapokaribia, sisi walimu wa shule za mjini hupokea barua. Barua hiyo hutuagiza kuwafundisha watoto kunawa mikono, kuchemsha maji ya kunywa, kufunika vyakula na kutumia choo vizuri; nasi, kwa kuwa tumezoea kutii, huyaandika hayo ubaoni, na watoto huyaitikia kwa sauti moja. Kisha mvua hunyesha. Siku ya tatu nafasi za watoto saba au wanane huwa tupu, na tukiuliza twaambiwa kwamba fulani anaharisha, fulani ana homa, na fulani hawezi kuvuka kwa sababu maji yameshika njia. Wakirudi, twawahoji kwa ukali: Je, hamkuchemsha maji? Hamkunawa? Na mtoto huinamisha kichwa kama mwenye hatia.

Twataka kusema leo ya kwamba mtoto huyo hana hatia, na ya kwamba sisi walimu tumekuwa mashahidi wa uongo juu yake. Kwa miaka mingi, na kwa nia njema, tumefundisha kwamba maradhi ya mjini hutoka katika tabia za watu: ni wavivu, ni wachafu, hawasikii la kuambiwa. Sivyo. Maradhi yaliyo mengi ya miji yetu yametoka katika jinsi miji hiyo ilivyokatwa na kupangwa, au ilivyoachwa bila kupangwa. Na mtu aagizaye sabuni mahali pasipo na mfereji anafanya mzaha, ingawa hakukusudia.

Hatusemi kwamba usafi ni kitu duni. Mwalimu asiyefundisha watoto kunawa astahili lawama, na Bwana Afya apitaye nyumba kwa nyumba akitazama vyombo vya maji anafanya kazi ya heshima. Lakini na tumfuate mtoto huyo mpaka kwao. Nyumba ina vyumba sita, na kila chumba kina jamaa yake. Choo ni kimoja, cha shimo. Maji hununuliwa kwa dumu kutoka kwa mwenye mkokoteni, na siku ya shida bei hupanda. Shimo la choo likijaa, gari la kunyonya uchafu haliwezi kufika, maana kichochoro ni chembamba hata watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Basi mwenye nyumba hungoja mvua kubwa, na usiku hufanya lile ambalo watu wa Dar es Salaam huliita kutapisha choo: hutoboa shimo, na uchafu ukachukuliwa na maji hata mlangoni pa jirani. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Ni jambo baya, na twalichukia. Lakini yeye amlaumuye mwenye nyumba atuambie angelifanya nini yeye, katika nyumba ile, katika kichochoro kile, usiku ule. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam na kuenea mikoani, tuliambiwa tena habari za mikono. Habari za vichochoro hatukuzisikia.

Wako watakaosema kwamba twatafuta udhuru, na kwamba watu wenye akili wangejisafisha hata wakikaa pangoni. Kwa hao tuna kisa kimoja, nacho si cha kwetu.

Katika nchi ya Ujerumani palikuwa na miji miwili iliyogusana, Hamburg na Altona, hata mgeni hakujua alipotoka katika mmoja na kuingia katika wa pili. Watu walikuwa wa lugha moja, wa chakula kimoja na wa desturi moja. Yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Tena Altona ilikuwa chini, mto ulipokwisha kupita Hamburg na kuchukua uchafu wake wote, hivi kwamba maji yake ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Lakini Altona ilikuwa imejenga madimbwi ya kuchujia maji kwa mchanga, na Hamburg ilikuwa inaahirisha jambo hilo mwaka hata mwaka kwa sababu ya gharama. Mwaka 1892 kipindupindu kilifika. Katika Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Katika Altona waliougua walikuwa wachache. Na hata mtaani penye mpaka, upande mmoja wa njia ulikuwa wa misiba na upande wa pili ukasalimika. Je, tuseme watu wa upande huu walinawa, na wa upande wa pili hawakunawa? Hakika kilichowatenga ni bomba tu.

Kadhalika London. Mwaka 1854 tabibu John Snow alionyesha kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad Street kilitoka katika pampu moja ya maji. Miaka minne baadaye mto wao ulinuka hata wazee wa Bunge wakashindwa kukaa barazani mwao, ndipo fedha zilipopatikana upesi na mhandisi Bazalgette akaanza kujenga mifereji mikubwa chini ya mji. (Twaona kwamba pua za wakubwa zina nguvu kuliko maiti za wadogo, lakini hayo tuyaache.) Kipindupindu kikubwa cha mwisho katika mji ule kilikuwa cha mwaka 1866, nacho kilishika upande wa mashariki, kwa maskini, mahali ambapo kazi ya mifereji ilikuwa haijamalizika. Watu wa mashariki hawakuwa wajinga kuliko wa magharibi. Mfereji ulikuwa haujawafikia.

Mtu asidhani kwamba maarifa haya yalichelewa kufika kwetu. Daktari Robert Koch, ambaye ndiye aliyetumwa Hamburg wakati wa balaa ile, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria hapa. Maarifa ya kupanga mji kwa ajili ya afya yalifika mapema sana. Bali yalifika kwa ajili ya wachache. Wakubwa wa ukoloni waliugawa mji wa Dar es Salaam katika sehemu tatu: moja ya nyumba za namna ya Kizungu, moja ya biashara, ambayo ilikuwa ya Wahindi, na moja ya nyumba za wenyeji. Katika miaka ya 1913 na 1914 Profesa Simpson, tabibu wa Kiingereza, alizunguka miji ya Afrika ya Mashariki na kutoa shauri kwamba watu wakae mbalimbali kwa kabila zao, na kati yao iwekwe nchi tupu. Uzunguni palipewa upepo wa bahari, miti, na nyumba zilizotengana. Na uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao sisi sote twaupenda, haukuachwa wazi kwa ajili ya mapafu ya watu wa Kariakoo. Uliachwa uwe mpaka, ili homa za Waafrika zisivuke upande wa pili.

Basi yatupasa kuifahamu vema habari hii. Watu wale walijua kwamba afya hutoka katika ramani. Walijua sana, hata wakaichora ramani kwa faida yao wenyewe. Na sisi wengine tukaandikiwa masomo ya sabuni. Masomo yale ndiyo tuliyoyarithi katika vyuo vya ualimu, nayo twayafundisha mpaka leo, na wale walioyatunga walikwisha kuondoka zamani.

Tangu mwaka 1961 mji ni wetu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta katika mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, na zaidi ya nusu ya watu wa mji huu hukaa katika mitaa ambayo hakuna mpimaji aliyeitangulia. Ramani kubwa za mji zilichorwa, moja mwaka 1968 na nyingine 1979. Lakini mji haukungoja ramani. Watu walikuja, wakanunua kipande kwa mwenye shamba, wakajenga. Na kila mmoja alijenga kwa busara kadiri ya kiwanja chake, na busara zote zilipokusanyika pamoja zikazaa kichochoro kisichopitisha jeneza.

Hata hivyo, liko jambo moja lililofanywa vizuri, nalo halisemwi vya kutosha. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikwenda Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na baadhi ya miji ya mikoani, mahali palipokuwa bado pana mashamba na vichaka. Haikuwajengea watu nyumba. Ilifanya jambo dogo kuliko hilo: ilipima viwanja, ikakata barabara, ikaleta maji, kisha ikawaachia watu wajenge wenyewe kadiri ya mifuko yao. Miaka zaidi ya thelathini baadaye wachunguzi walirudi wakalinganisha mitaa ile na mitaa iliyokuwa karibu nayo, ambayo haikupimwa. Walikuta kwamba katika mitaa iliyopimwa nyumba zimekuwa bora, njia zimebaki njia, na gari laweza kufika mlangoni. Mitaa kama Manzese, iliyotengenezwa baada ya watu kwisha kujenga, haikufuzu kiasi hicho. Wala si ajabu. Kukata barabara katika kichaka ni kazi ya kamba na mambo. Kuikata katikati ya nyumba ni kubomoa, kulipa fidia, kushtakiana na kulia.

Hapo ndipo shauri letu lilipo. Wapimaji watangulie, watu wafuate. Leo hii mji unatambaa kuelekea Chanika, Kisarawe, Bunju na mbele yake; kila mwezi shamba hukatwa vipande kwa hatua za miguu, na mjumbe hutia sahihi. Nchi hiyo bado ni tupu kwa sehemu kubwa. Yeye asemaye kwamba Serikali haina fedha za kuijenga mitaa hiyo asema kweli. Lakini hatukumwomba aijenge. Twaomba mistari: mstari wa barabara, mstari wa mfereji, mahali pa shule, mahali pa soko, na uwanja wa watoto. Kuanzia mwaka 2002 palikuwa na mpango wa viwanja 20,000 pembezoni mwa mji, nao ulikuwa mwanzo mwema, isipokuwa viwanja vile vilikuwa vikubwa na vya bei, na wengi wa maskini waliviona kwa macho tu. Mistari ya Sinza ilikuwa na viwanja vidogo. Maskini hahitaji kiwanja kikubwa. Ahitaji kiwanja ambacho gari la uchafu laweza kukifikia.

Na kwa habari ya fedha, na tutazame bonde la Msimbazi. Mwezi wa Desemba 2011 mvua ilileta gharika, watu kama arobaini wakafa, na waliokaa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Tuliwasikia wakubwa wakiwaita wakaidi: mtu mwenye akili hajengi kwenye njia ya maji. Neno hilo ni kweli tupu. Lakini katika miaka iliyofuata Jangwani, ndani ya njia ile ile ya maji, ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari mwaka 2016. Na mvua zilipokuja mabasi yalikaa majini kama viboko, na barabara kuu ya mji ikafungwa mara kwa mara. Hatukusikia mtu akiitwa mkaidi. Maskini akijenga bondeni ni tabia yake mbaya. Mkubwa akijenga bondeni ni bahati mbaya. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mradi wa bonde hilo, ili daraja liinuliwe, karakana iondolewe, na sehemu ya bonde ifanywe bustani ya kupokea maji. Twaufurahia. Lakini gharama ya kuondoa kilichojengwa mahali pabaya isihesabiwe kuwa gharama ya maendeleo, ni faini.

Neno moja juu ya mifereji, kisha tupite. Mfereji usiozibuliwa ni kitalu cha mbu. Kuanzia mwaka 1988 wataalamu wa Tanzania wakisaidiwa na Wajapani walizibua mifereji ya mji huu kwa ajili ya kupunguza malaria. Mradi ulipokwisha, takataka zikarudi. Mfereji ni kama ng'ombe wa maziwa, wataka mtu wa kila siku.

Sasa twaja katika jambo linalotuuma zaidi, kwa kuwa twaliona kila siku kwa macho yetu. Shirika la Afya la Dunia husema kwamba mtoto wa miaka mitano hata kumi na saba yampasa atumie mwili wake kwa nguvu muda wa saa moja kila siku. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa hilo. Mtoto alichunga, aliteka maji, alikimbia. Mtoto wa mjini atakimbia wapi? Shule tuliyofundisha miaka kadhaa ilikuwa na kiwanja cha mpira, si kizuri sana, kilikuwa na mteremko upande wa lango la kaskazini, lakini kilitosha watoto wote wakati wa mapumziko. Mwaka mmoja tulirudi kutoka likizo tukakuta misingi imechimbwa kandokando ya barabara. Tuliambiwa ni fremu za maduka, kwamba kodi yake itanunua madawati. Fremu zilijengwa, nazo ni kumi na nne. Madawati yaliyokuja tuliyahesabu: yalikuwa ishirini. Watoto sasa hucheza kwa zamu, darasa kwa darasa, na wavulana wakubwa hutoka nje kucheza barabarani.

Nje barabarani ndiko kwenye hatari nyingine. Shirika la Afya la Dunia lathibitisha kwamba kiuacho vijana wa ulimwengu, tangu miaka mitano hata ishirini na tisa, kuliko maradhi yo yote ni ajali za barabarani. Nasi hapa tena twaandikiwa barua: wafundisheni watoto kutazama kulia, kushoto, na kulia tena. Watoto wetu hutazama. Watazame nini, mahali ambapo hapana njia ya miguu, na bodaboda hupita kulia na kushoto na nyuma, na mwenye motokaa ameona barabara imenyooka akakanyaga mafuta? Sheria yasema mwendo wa mjini usizidi kilometa 50 kwa saa, lakini sheria haina mwili. Tuta lina mwili. Katika mji huu huu liko shirika liitwalo Amend lililozunguka shule, likatazama watoto wanapita wapi na wanagongwa wapi, kisha likaweka matuta, njia za miguu, vizuizi, na mahali pengine likahamisha lango la shule kutoka barabara kuu hadi njia ya kando. Kazi ile ilipata tuzo kubwa la miji ya dunia mwaka 2019. Nayo ni kazi ya saruji na mawe! Tumeishangilia, na papo hapo tumeona haya, maana lango ni la shule, na sisi walimu tulilipita kila siku wala hatukuwaza kwamba laweza kuhamishwa.

Labda ndugu msomaji atauliza, mwalimu na ramani wana shauri gani? Kazi yake ni chaki. Twajibu kwamba mwalimu ndiye anayeshika daftari la mahudhurio, na daftari hilo ndilo ramani ya kweli ya maradhi ya mtaa. Akiliandika vema atajua ni watoto wa kichochoro gani wanaokosa masomo kila mvua inyeshapo, na ni njia gani iliyowaumiza wangapi. Mwenye ofisi aweza kubishana na kilio, lakini kubishana na daftari la miaka mitano ni kazi nzito kwake. Twawaomba walimu wenzetu wa Tanga, Mwanza, Mbeya na kwingineko waanze kuandika mtaa wa kila mtoto asiyefika, pamoja na sababu. Kisha waende ofisini wakaombe kuonyeshwa ramani ya mtaa wao. Waiombe kwa adabu, lakini waiombe.

Sisi tulikwenda. Tulikuwa walimu watatu na wazazi wawili, mmoja wao mama ambaye mwanawe alivunjika mguu mbele ya lango. Tulizungushwa kidogo, ofisi hii na ile, tukaambiwa mwenye funguo yuko msibani. Siku ya pili kijana mmoja mpole alitukunjulia ramani juu ya meza. Kiwanja cha shule kimo, chote, kimetiwa rangi ya kijani. Fremu hazimo. Na chini ya fremu ya tatu na ya nne umechorwa mfereji wa maji ya mvua, unaoshuka mpaka kijitoni, ule ambao watu wa mtaa huuliza kila masika kwa nini haukujengwa. Tuliandika barua yenye maswali mawili: ni nani aliyetoa ruhusa, na mfereji utapita wapi. Barua ilipigwa mhuri wa kupokelewa. Leo ni mwezi wa nne, na jibu halijafika. Nakala yake tumeiweka pamoja na daftari la mahudhurio.